UGONJWA HAUSUBIRI MAVUNO
Tafakari kuhusu haki ya maskini kutibiwa



Nchi yetu inakwenda mbio. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Katika afya nako kuna mengi ya kushukuru. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Lengo hilo halijatimia kote, lakini vijiji vingi vilivyokuwa vikibeba wagonjwa kwa machela leo vina jengo, kitanda na mkunga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa, 81 walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umeonyesha 63. Vifo vya akina mama kutokana na uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti ule wa kwanza, vilikadiriwa kuwa 104 katika huu wa pili. Tunawapongeza waganga, wauguzi na wakunga ambao jasho lao limo katika hesabu hizo.

Tunayasema haya kwanza ili asiwepo wa kudhani kwamba kazi yetu ni kulaumu tu. Hata hivyo wajibu wa haki na amani hauishii kwenye kuhesabu majengo. Swali letu ni hili: jengo likishasimama, mashine ikishafungwa, dawa ikishafika, ni nani anayehudumiwa, na ni nani anayegeuzwa dirishani pa malipo?

Tulikotoka

Taifa hili lilipopata uhuru lilitangaziwa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilishika njia ya kutoa matibabu bila malipo katika hospitali zake, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku uganga wa kujipatia faida. Nia ilikuwa njema. Lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya themanini, matibabu ya bure yaligeuka kuwa cheti tu: mgonjwa aliandikiwa dawa, akaambiwa akaitafute mwenyewe. Hatutamani kurudi huko. Rafu tupu haimponyi mtu, hata kama ni ya bure.

Ndipo yakaja mageuzi. Mwaka 1991 hospitali binafsi za biashara ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga, na mwaka 2001 ukapewa sheria yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza na watumishi wa umma. Hatimaye, mwezi Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Tulitazame kwa makini neno lililobeba mageuzi hayo: kuchangia. Katika desturi zetu, mchango ni jambo linalofahamika vema. Jirani akifiwa, tunachanga. Kijana akioa, tunachanga. Kila mtu hutoa kadiri ya uwezo wake, na aliyepatwa na jambo ndiye anayepokea. Dirishani pa malipo mambo yamepinduliwa. Aliyepatwa ndiye anayetoa, anatoa peke yake, na kiasi kimekwisha kupangwa pasipo kuuliza uwezo wake. Huo si mchango. Hiyo ni bei, na ni haki yetu kuiita kwa jina lake.

Mkulima na kalenda ya maradhi

Wengi katika parokia za vijijini huishi kwa shamba. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza pamba, korosho, kahawa au mahindi. Kwa miezi mingine yote fedha taslimu ni chache mno nyumbani. Sasa, malaria hukaza kamba lini? Wakati wa mvua na baada yake, ghala likiwa limekaribia kwisha na mazao mapya yangali shambani. Mtoto huungua homa katika mwezi ule ule ambao baba yake hana hata shilingi. Mama hushikwa na uchungu pasipo kuuliza kama mnada umekwisha kufanyika.

Hapo familia hufanya nini? Huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi amekwisha kuiona shida usoni mwa muuzaji. Huyauza mahindi yakiwa bado shambani. Huweka shamba rehani. Au hungoja. Hungoja siku moja, siku mbili, wakitumaini kwamba vidonge viwili vya dukani vitatosha. Ugonjwa ambao ungetibiwa zahanatini kwa fedha kidogo huifikia hospitali ya wilaya ukiwa umekomaa, nao sasa hudai damu, upasuaji na kitanda. Hivyo bei ya mlangoni haiipunguzii nchi gharama. Huichelewesha na kuikuza, kisha humtwika aliye dhaifu kuliko wote.

Hoja tatu zinazosemwa

Tunapolisema hili hujibiwa kwa hoja tatu. Tuzijibu moja moja.

Ya kwanza husema: cha bure hakithaminiwi. Tunauliza: chanjo za watoto hutolewa bila malipo, je, akina mama wamezidharau? Tazameni kliniki siku ya chanjo, muone foleni inavyoanza kukipambazuka. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, nazo zimewainua wengi waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa. Mtu huthamini kile kinachomfaa. Anayedai kwamba maskini hathamini uhai wa mwanawe mpaka autolee fedha, hamjui maskini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ya pili husema: Serikali haina fedha. Ni kweli kwamba fedha hazitoshi; lakini bajeti ni kupanga, na kupanga ni kuchagua. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Abuja, waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo nchi yetu haijaifikia katika miaka ya karibuni, ingawa barabara, reli na viwanja vya ndege vimepata fungu lao. Hatupingi reli. Tunasema tu kwamba taifa lililoweza kupata fedha za reli haliwezi kushindwa kuufikiria uhai wa anayeishi kando ya reli hiyo. Aidha, mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake kwa nchi za nje, na kliniki nyingi za Afrika zinazohudumia wenye virusi vya UKIMWI zikaingiwa na hofu. Hilo liwe fundisho. Dawa ya maskini ikiachwa mikononi mwa mfadhili, uhai wake hutegemea uchaguzi wa nchi asiyopigia kura.

Ya tatu husema: maskini wana msamaha. Hii ndiyo hoja inayosikika nzuri kuliko zote, nayo ndiyo yenye ubovu mkubwa. Ni kweli kwamba tangu uchangiaji uanze, miongozo imewataja wasiopaswa kulipa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wenye maradhi fulani ya kudumu, na maskini. Lakini angalieni jinsi msamaha unavyotolewa. Mgonjwa hana budi kuthibitisha umaskini wake akiwa tayari mgonjwa. Huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti amesafiri. Hutumwa kwa afisa ustawi wa jamii. Leo ni Jumamosi. Na hata akikubaliwa, kituo kilichomsamehe hakirudishiwi fedha ile. Mwenye kutoa msamaha ndiye anayepata hasara! Je, ni ajabu kwamba tangazo la msamaha halibandikwi ukutani, na mzee mwenye haki ya kutibiwa bure huambiwa kwa upole kwamba dawa zimekwisha, akanunue nje?

Na neno lenyewe linatuumbua. Msamaha hupewa mkosaji. Katika Kiswahili chetu kukosa kuna maana mbili: kutenda kosa, na kupungukiwa. Maskini amekosa kwa maana ya pili, naye anatendewa kana kwamba amekosa kwa maana ya kwanza. Tunakataa. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliihesabu huduma ya tiba miongoni mwa haki za kila binadamu, na Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikuwa limekwisha kuitaja vivyo hivyo. Mwenye haki haombi msamaha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Deni na maiti

Liko jambo moja ambalo limewaumiza wengi katika jumuiya zetu, nalo ni hospitali kuzuia maiti mpaka ndugu walipe deni. Viongozi wa Serikali wamelikemea zaidi ya mara moja, na katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2025 lilitajwa majukwaani. Jambo likikemewa mara nyingi namna hiyo, maana yake ni kwamba mzizi wake haujang'olewa.

Tunajua hospitali ina madai ya haki. Dawa zilinunuliwa, gesi ya oksijeni ilitumika, wauguzi walikesha. Lakini maiti si dhamana. Marehemu si baiskeli iliyowekwa rehani. Kumzuia hakurudishi hata shilingi moja ya oksijeni. Kunawalazimisha wafiwa kupitisha kofia msibani, na rambirambi zilizochangwa kuwalisha yatima huishia kaunta ya hospitali. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Leo ipo adhabu inayotangulia kaburi, nayo waijuayo ni walio hai.

Hata hivyo tusidanganyike. Kupiga marufuku peke yake hakutoshi. Hospitali ikiamriwa kuachia maiti bila mtu wa kulipa deni, itajifunza kudai fedha mapema zaidi, kabla mgonjwa hajapokewa. Tutakuwa tumeiokoa maiti na kumwacha aliye hai nje ya geti. Dawa ya kweli ni gharama ya maskini kuwa imekwisha kulipwa kabla hajaugua.

Bima ya wote, au ya wenye uwezo?

Kwa sababu hiyo tunaipokea Sheria ya mwaka 2023 kwa matumaini. Bima, ikifanywa ipasavyo, ndiyo inayofanana na mchango wa kwetu: wazima wanamchangia mgonjwa, wenye nacho wanamchangia asiye nacho, na zamu hubadilika. Lakini matumaini yasitupofushe. Wakati muswada ukijadiliwa, waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa kiasi cha asilimia 15 tu ya Watanzania. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulipangiwa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na hata kiasi hicho kaya nyingi hazikukilipa. Nyingine kwa kukosa fedha, nyingine kwa sababu ziliwahi kulipa zikakuta zahanati haina dawa. Mwezi Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko wa Taifa kwa kutokubaliana na kitita kipya cha bei. Kumbe kadi mkononi si tiba bado.

Tufanye hesabu ndogo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba Watanzania 26 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ikiwa uwiano ule haukubadilika sana, tunazungumza juu ya watu wapatao milioni 16 ambao hakuna sheria itakayowatoa fedha mifukoni, kwa kuwa hazimo. Sheria imelitambua hilo. Imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake imetaja sehemu ya ushuru wa vileo, vinywaji baridi na vipodozi. Ni jambo jema. Lakini ushuru ukikusanywa na usifike katika mfuko huo, au ukifika kwa mafungu ya kusuasua, bima ya wote itakuwa bima ya wenye mishahara, na maskini atarudishwa kwenye barua ya mwenyekiti.

Basi kipimo chetu ni kimoja, na tunawaomba muwapime nacho wabunge, madiwani na watendaji: je, jina la maskini wa kijiji hiki limo katika orodha ya bima, limekwisha kulipiwa, naye analijua hilo, kabla mvua hazijaanza?

Hospitali za Kanisa

Haitakuwa haki kusema haya na kunyamaza juu ya hospitali zenye msalaba getini. Makanisa yalikuwa yanatibu kabla ya uhuru, na yangali yanatibu, hasa vijijini. Mwaka 1992 yalitiliana na Serikali mkataba wa ushirikiano katika elimu na afya, na hospitali zake nyingi zikawa teule, zikifanya kazi ya hospitali ya wilaya. Tunajua ugumu wake. Ruzuku huchelewa. Wafadhili wa ng'ambo wamepungua. Daktari aliyesomeshwa kwa taabu huhamia kwenye mshahara mnono.

Lakini jina lina gharama yake. Yule Msamaria aliyemwokota majeruhi njiani alimlipia kwanza mwenye nyumba ya wageni, kisha akaahidi kulipa kitakachozidi. Wala hatusikii kwamba mwenye nyumba alimzuia majeruhi mpaka deni liishe. Kwa hiyo tunazitaka hospitali zetu ziwe za kwanza kubandika bei zake ukutani kwa Kiswahili, za kwanza kutangaza nani hapaswi kulipa, na za kwanza kuachia maiti. Deni lidaiwe kwa makubaliano ya maandishi na kwa awamu, kama deni lolote la heshima. Na majimbo yaweke fungu la wazi la kufidia gharama za wagonjwa fukara, ili muuguzi mwenye huruma asiadhibiwe kwa huruma yake.

Yatupasa kufanya nini

Walei, jambo hili haliwasubiri maaskofu wala mapadre. Lipo mikononi mwenu.

Kwanza, orodha. Kaya maskini zilipotambuliwa kwa ajili ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, mikutano ya vijiji ndiyo iliyotumika. Orodha za bima nazo zitapitia kijijini. Hudhurieni mikutano. Mjane asiyekuwa na mtu wa kumsemea asiachwe, na shemeji wa mtendaji asiingizwe. Mwanajumuiya anayenyamaza wakati jina la uongo linasomwa ameshiriki kumnyang'anya mgonjwa dawa.

Pili, kamati. Zahanati na kituo cha afya vina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, hivyo kamati hizo zina neno katika matumizi. Gombeeni ujumbe. Ulizeni zilizoingia ni kiasi gani, zimenunua nini, na dawa zilizopokelewa kutoka Bohari ya Dawa ziko wapi.

Tatu, risiti. Asiyedai risiti anafuga rushwa. Fedha isiyokuwa na risiti haikuingia hospitalini. Imeingia mfukoni mwa mtu.

Nne, jumuiya ndogo ndogo. Wakati wa mavuno, fedha zikiwapo, kila jumuiya ijiulize ni kaya ipi jirani haitaweza kulipia kadi yake, iwe ya Mkristo au ya Mwislamu, kisha iilipie. Hatufanyi hivyo ili kuipunguzia Serikali wajibu wake. Tunafanya hivyo kwa kuwa mtoto wa jirani hawezi kungoja mpaka Serikali itimize wajibu huo.

Ndugu waamini, taifa linalojenga hospitali na kumwacha mgonjwa nje ya geti limejenga nusu. Nusu iliyobaki haihitaji saruji. Inahitaji majina ya kweli katika orodha, fedha za kweli katika mfuko, na watu wasioogopa kuuliza mbele ya mkutano. Mavuno yana msimu wake, maradhi hayana. Tusikubali tena uhai wa mtu ungoje msimu wa mavuno.